Ndoa Zilizobeba Taji la Yerusalemu

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi wazee wangu mlioacha shughuli zenu mkaja kunisikiliza: assalamu alaikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie makabaila na viongozi wa Kanisa katika dola ambazo Walatini kutoka Ulaya walizianzisha huko Shamu baada ya Vita vya Msalaba vya kwanza. Vita hivyo vikitajwa, wengi wetu tunawaona Wakristo upande huu, Waislamu upande ule, na Yerusalemu, Baitul Muqaddas, katikati yao. Ndivyo ilivyokuwa kwa waliouawa tarehe 15 Julai 1099 mji ulipotekwa, Waislamu na Wayahudi, na sina nia ya kuipunguza damu ile hata tone moja. Lakini leo naomba tuingie ndani ya kuta, tuwatazame washindi wenyewe wakiwa peke yao, tuulize: mfalme akifa, nani mwenye haki ya kusema nani atamfuata?

Jibu langu nalitoa mapema ili mnipime nalo. Jambo hilo liliamuliwa kwenye ndoa. Makabaila walitaka mwanamume wa kuongoza jeshi. Maaskofu walishika sheria ya ndoa, nani aoe nani na ndoa ipi ni batili. Kwa hiyo kila taji lilipoyumba, makundi haya mawili yalikutana mlangoni kwa mwanamke fulani, na mara nyingi mwanamke huyo alitolewa nje kwa nguvu au kwa hila. Nitawapitisha katika ndoa kadhaa. Mtaona wenyewe.

Mwanzoni hapakuwa na mfalme. Godfrey wa Bouillon, aliyewekwa kuwa mtawala wa kwanza, alikataa jina hilo katika mji ambao Kristo alivikwa taji la miiba. Krismasi ya 1099 akaja Daimbert, askofu mkuu wa Pisa, na meli za watu wa Pisa nyuma yake. Godfrey alikuwa na askari wachache mno na hakuwa na meli hata moja, basi zile meli zikasema kuliko hoja yoyote ya dini. Daimbert akawekwa kuwa patriaki wa Yerusalemu, yaani mkuu wa maaskofu wote wa nchi ile, na Godfrey akapiga magoti mbele yake kupokea nchi kutoka mkononi mwake. Haikutosha. Patriaki alidai robo ya mji wa Yafa, kisha Yerusalemu yenyewe pamoja na Mnara wa Daudi, ngome ambayo mwenye kuishika ndiye mwenye mji. Godfrey akaahidi kwamba akifa bila mrithi, vyote vitakuwa vya patriaki.

Akafa kweli, Julai 1100, bila mtoto. Lakini ahadi ya marehemu ni kitu kimoja na funguo za ngome ni kitu kingine. Watu wa nyumba ya Godfrey walijifungia ndani ya Mnara wa Daudi, wakatuma wajumbe mbio hadi Edessa, dola nyingine ya Walatini huko kaskazini, kumwita Baldwin, ndugu yake. Padri wa nyumbani kwa Baldwin, Fulcher wa Chartres, ameandika kwamba bwana wake alihuzunika kidogo kwa kifo cha nduguye na akafurahi zaidi kwa urithi. Nampenda mwandishi huyu kwa ukweli wake. Daimbert alimwandikia Bohemond wa Antiokia amzuie Baldwin njiani, hata kwa nguvu, lakini Bohemond alikuwa ameangukia mikononi mwa Waturuki kule kaskazini. Siku ya Krismasi 1100, katika Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu mjini Bethlehemu, Daimbert akalazimika kumvika Baldwin taji kwa mikono yake mwenyewe. Tangu siku hiyo hakuna patriaki aliyefanikiwa kuifanya nchi iwe mali ya Kanisa. Hata hivyo mfalme alitarajiwa kulipokea taji kutoka mkononi mwa patriaki.

Sasa tuje kwenye ndoa.

Baldwin wa Kwanza alikuwa na mke Mwarmenia, Arda, aliyemwoa Edessa kwa ajili ya msaada wa Waarmenia. Alipokuwa mfalme wa Yerusalemu msaada ule haukumfaa tena, akamfungia mkewe katika monasteri. Mwaka 1113 alikuwa hana fedha za kulipa askari. Huko Sisilia palikuwa na mjane tajiri, Adelaide, mama wa kijana Roger aliyekuja kuwa mfalme wa Sisilia. Akaja na meli zilizojaa nafaka, silaha na dhahabu. Masharti ya ndoa yalisema kwamba wasipopata mtoto, ufalme utakwenda kwa Roger. Patriaki wakati huo alikuwa Arnulf, na Arnulf akaibariki ndoa hiyo akijua fika kwamba Arda yu hai.

Miaka michache baadaye mfalme aliugua sana, na makabaila wakashtuka: akifa leo, sisi ni watu wa Sisilia. Wakati huohuo Arnulf alikuwa ameondolewa kitini na mjumbe wa Papa, akaenda Roma kujitetea, akarudishiwa cheo kwa sharti kwamba ndoa ile aliyoibariki aivunje. Basi mwaka 1117 yule mwanamke, ambaye dhahabu yake ilikuwa imekwisha kulipa madeni ya mfalme, akaambiwa hakuwa mke halali hata siku moja. Akapandishwa merikebu akarudi kwao, na mwaka uliofuata akafa. William wa Tiro, askofu mkuu na mwandishi wa historia ya ufalme huo, akiandika zaidi ya nusu karne baadaye, anasema nyumba ya Sisilia haikuusamehe ufalme wa Yerusalemu, wala haikuusaidia kama watawala wengine wa Kikristo walivyofanya.

Arnulf huyuhuyu alikuwa na mpwa wa kike, Emma. Alimwoza kwa Eustace Grenier, kabaila wa Kaisaria na Sidoni, na katika mali aliyompa ilikuwamo Yeriko, ambayo ilikuwa mali ya Kanisa la Kaburi Takatifu. Msinielewe vibaya, sitaki mtoke hapa mkidhani maaskofu wote walikuwa wa namna hii. Arnulf ndiye pia aliyewaweka makanoni, yaani mapadri wanaohudumu katika kanisa la Kaburi Takatifu, chini ya kanuni ya Mtakatifu Augustino mwaka 1114, waishi pamoja na kula pamoja, na utaratibu huo ulidumu kumpita yeye. Mtu mmoja aliweza kulijenga Kanisa asubuhi na kuligawa jioni.

Hapa yafaa niseme kidogo kuhusu fedha, maana bila fedha ugomvi wao hauelezeki. Ardhi ililimwa na wenyeji, Waislamu na Wakristo wa Shamu. Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia aliyepita kati ya Tibnin na Akka mwaka 1184, anaeleza kwamba wanavijiji Waislamu walitoa nusu ya mavuno yao, na kila mtu kodi ya kichwa ya dinari moja na kirati tano. Mapato hayo yaliingia kwanza kwa kabaila, naye ndiye aliyetakiwa kulipa zaka kwa askofu. Kwa hiyo askofu alisubiri mlangoni kwa kabaila, na kabaila alikuwa na sababu elfu za kuchelewa. Mwaka 1119 jeshi la Antiokia liliangamizwa mahali walipopaita Uwanja wa Damu, na hofu ikawashika wote. Januari 1120 mfalme Baldwin wa Pili na patriaki Warmund wakaitisha baraza mjini Nablus. Walipitisha kanuni 25, na za mwanzo kabisa zilihusu zaka: mfalme anazirudisha, anaomba msamaha kwa kuzishikilia, na patriaki anamsamehe. Mbele kidogo kuna kanuni inayosema kwamba padri akishika silaha kwa ajili ya kujilinda hana hatia. Kila upande uliupa mwingine kile ulichokikosa.

Hata jeshi lilikuwa lao wote. John wa Ibelin, kabaila wa Yafa na mwanasheria wa karne ya 13, ametuachia orodha ya wajibu wa zamani. Humo patriaki anadaiwa askari 500 wa miguu, na makanoni wa Kaburi Takatifu 500 wengine. Askofu katika nchi ile alikuwa bwana mwenye watu wa vita, na makabaila walimhesabu hivyo.

Tumrudie Emma. Mumewe Eustace alipofariki, aliolewa na Hugh wa Yafa, kijana mzuri wa sura na jamaa wa malkia Melisende. Mwaka 1134 palivuma habari kwamba Hugh na malkia wamezoeana kupita kiasi, na mfalme Fulk, mume wa malkia, akawa anamchukia Hugh. Aliyesimama mbele ya baraza la makabaila kumshtaki Hugh kwa uhaini alikuwa Walter wa Kaisaria, mtoto wa Emma wa ndoa ya kwanza, yaani mtoto wa kambo wa mshtakiwa. Baraza likaamua wapigane wawili. Siku ikafika, Hugh hakutokea. Akakimbilia kwa Waislamu wa Ascalon kuomba msaada, na watu wake mwenyewe wakamkimbia. Patriaki ndiye aliyeingia kati kupatanisha, na hukumu ikawa nyepesi: miaka mitatu uhamishoni. Akiwa anasubiri meli, Hugh alikaa jioni moja mbele ya duka katika mtaa wa wauza ngozi mjini Yerusalemu, akicheza kete, na askari mmoja wa farasi kutoka Bretagne akamchoma kisu mbele za watu. Watu wakamdhania mfalme. Mfalme akaamuru muuaji akatwe viungo lakini ulimi uachwe, isije ikasemwa ameunyamazisha. Yule mtu hadi mwisho alisema alitenda kwa hiari yake, akidhani atampendeza mfalme. Hugh alipona majeraha, akafia uhamishoni. Baada ya hapo Melisende alikasirika kiasi kwamba marafiki wa mfalme waliogopa kutembea, na William anatuambia kwamba tangu wakati huo Fulk hakujaribu jambo hata dogo bila shauri la mkewe. Naiona hii kuwa mara moja ya pekee katika hadithi yote ambapo mwanamke mwenye taji aliwashinda wote wawili, makabaila na mumewe.

Antiokia nako mwaka 1149 mtawala wake Raymond aliuawa vitani, na mjane wake Constance akabaki na watoto wadogo. Binamu yake, mfalme Baldwin wa Tatu, alimpelekea majina ya wachumba wenye vyeo, akawakataa wote. William anadai patriaki Aimery wa Limoges alikuwa nyuma ya kukataa huko, kwa kuwa mji usipokuwa na bwana, patriaki ndiye bwana. Mwaka 1153 Constance akamchagua mtu asiyetarajiwa na yeyote, Reynald wa Châtillon, askari asiye na mali. Aimery hakuficha dharau yake, tena Reynald alikuwa anatafuta fedha za kuishambulia Kupro, na patriaki alikuwa nazo. Basi Reynald akamkamata mzee yule. Alipigwa, akapandishwa juu ya ngome, kichwa chake kikapakwa asali, akaachwa kwenye jua kali la kiangazi nzi wakimjia. Mfalme akatuma wajumbe kumwokoa, akiwamo askofu wa Akka, na Aimery akahamia Yerusalemu. Reynald akapata fedha, akaenda kuipora Kupro, kisiwa cha Wakristo. Mshike jina la mtu huyu, tutakutana naye tena.

Yerusalemu nako kulikuwa na mtafaruku. Patriaki Fulcher, mzee wa miaka mingi, aligombana na watawa wa Hospitali, shirika la watawa waliohudumia wagonjwa na kupigana vita, ambao Papa alikuwa amewatoa chini ya mamlaka ya maaskofu, zaka zao zikiwamo. Nyumba yao kubwa ilikuwa ng'ambo tu ya Kaburi Takatifu, na patriaki alipopanda kuhubiri waligonga kengele zote asisikike. Ilifika hatua mishale ikarushwa ndani ya kanisa lenyewe. William anasema mishale hiyo iliokotwa ikafungwa pamoja na kutundikwa mahali pa Kalvari, naye aliiona kwa macho yake. Fulcher akasafiri katika uzee wake hadi kwa Papa, akarudi mikono mitupu.

Sasa mwaka 1163. Baldwin wa Tatu amekufa bila mtoto, na mrithi ni ndugu yake Amalric, aliyekwisha kumwoa Agnes wa Courtenay na kuzaa naye Sibylla na Baldwin. Makabaila na patriaki, ambaye naye aliitwa Amalric, wakasimama pamoja: huvai taji mpaka umwache huyu mwanamke. Sababu iliyotangazwa ni udugu wa damu. Mama wa babu yake Amalric na mama wa babu yake Agnes walikuwa ndugu, na sheria ya Kanisa wakati huo ilikataza ndoa hadi kizazi cha saba. Lakini kwa hesabu hiyo nusu ya makabaila wa nchi ile walikuwa wamewaoa dada zao. Mimi naamini waliogopa kitu kingine: nyumba ya Courtenay ilikuwa imepoteza nchi yake ya Edessa, jamaa zake walikuwa wanatafuta pa kula, na malkia angewafungulia mlango. Amalric alikubali kwa sharti kwamba watoto wake wahesabiwe halali. Agnes akatoka, watoto wakabaki. Amalric baadaye akamwoa Maria Komnene wa nyumba ya kifalme ya Bizanti, wakapata binti, Isabella.

Mfalme huyu alipitisha pia sheria kwamba kila mwenye milki, hata aliyeipata kutoka kwa kabaila mwingine, ale kiapo kwa mfalme moja kwa moja. Sheria ilinuiwa kuwabana wakubwa. Nao wakubwa wakaigeuza baadaye kuwa silaha yao, wakidai kwamba kwa kiapo hicho wote ni wenza na wanapaswa kusimama pamoja dhidi ya mfalme anayemdhulumu mmoja wao bila hukumu ya baraza.

Na sasa nafika kwa mtu ambaye bila yeye tusingejua nusu ya haya. William alizaliwa Yerusalemu karibu na mwaka 1130, mtoto wa mjini, akaenda kusoma Ufaransa na Bologna karibu miaka 20, akarudi mwaka 1165. Mfalme Amalric alimkabidhi mwanawe Baldwin, mtoto wa miaka tisa, amfundishe. Siku moja watoto wa makabaila walikuwa wanacheza, wakichimbana mikono kwa kucha kama wavulana wafanyavyo. Wengine walilia. Baldwin alivumilia bila kupepesa. Mwalimu alidhani ni ujasiri, lakini ilipotokea tena na tena akamwita, akamuuliza, akaja kugundua kwamba nusu ya mkono wa kulia wa mtoto huyu imekufa, haisikii kitu. Waganga waliitwa. William anaandika kwamba mtoto alipoanza kubalehe ilidhihirika kuwa ni ukoma, na kwamba hawezi kulisema hilo kwa macho makavu. Mimi ni mwalimu, na kila ninapoufikia ukurasa huo huwa nauweka kitabu chini kwanza.

Baldwin wa Nne alivikwa taji Julai 1174, na miaka 13 tu. Mtaniuliza kwa nini makabaila walimkubali. Kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kiume, na ukoma wakati huo ulikuwa bado haujathibitika. Akatawala kwa ushujaa ambao hata adui zake waliuheshimu. Novemba 1177 pale Montgisard alimshinda Salahuddin Ayubi mwenyewe. Lakini mwenye ukoma hataoa. Kwa hiyo ufalme mzima ulining'inia kwenye swali moja: Sibylla, dada yake, ataolewa na nani? Mume wa kwanza, William wa Montferrat, alikufa ndani ya mwaka mmoja akimwacha mjamzito. Pasaka ya 1180 Sibylla akaozwa haraka kwa Guy wa Lusignan, mgeni kutoka Ufaransa, na makabaila wengi wakubwa, Raymond wa Tripoli na nyumba ya Ibelin mbele yao, wakaona wameporwa.

Mwaka huohuo patriaki akafa. Makanoni walipeleka majina mawili kwa mfalme. La kwanza lilikuwa la William, wakati huo askofu mkuu wa Tiro na kansela wa ufalme. La pili la Heraclius, askofu mkuu wa Kaisaria, mtu wa upande wa Agnes, mama wa mfalme, yule aliyetolewa mlangoni mwaka 1163. Agnes alikuwa amerudi. Heraclius ndiye aliyepewa kiti. Wengi wanaosoma kisa hiki humchora Heraclius kama shetani na William kama malaika, na chanzo kikubwa cha picha hiyo ni waandishi wa upande wa Ibelin. Heraclius alikuwa msomi wa Bologna kama mwenzake. Naomba tumpime kwa matendo, nayo yanakuja sasa hivi.

Mwaka 1183 mfalme, aliyekuwa sasa hana macho wala miguu ya kumbeba, aliona Guy hafai kuongoza jeshi. Akamvua madaraka, akaamua kuivunja ndoa ya dada yake. Guy akajifungia Ascalon na mkewe. Mfalme akapelekwa hadi pale, akagonga lango kwa mkono wake mwenyewe, na halikufunguliwa, watu wakitazama kutoka juu ya kuta. Baadaye katika baraza la Akka, Heraclius pamoja na wakuu wa watawa wa Hekalu, shirika jingine la watawa wapiganaji, na wa Hospitali walipiga magoti kumwombea Guy msamaha. Mfalme akakataa, nao wakatoka kwa hasira. Hapa tunamwona patriaki akiilinda ndoa dhidi ya mfalme. Unaweza kusema aliilinda kwa sababu ya kundi lake. Lakini Sibylla mwenyewe alitaka kubaki na mumewe, na katika wote waliokuwa barazani, ni Heraclius na wenzake ndio waliosimama upande aliotaka yeye.

Baldwin alikufa mwaka 1185, na mtoto wa Sibylla aliyemfuata akafa mwaka 1186. Makabaila walikuwa wamekusanyika Nablus kwa Raymond. Sibylla, Heraclius na Reynald wa Châtillon, aliyekuwa sasa bwana wa Kerak baada ya miaka mingi gerezani Aleppo, wakaharakisha Yerusalemu. Mataji yalikuwa katika kasha lenye funguo tatu: moja ya patriaki, moja ya mkuu wa Hekalu, moja ya Roger de Moulins, mkuu wa Hospitali. Roger alikataa, wakambana mpaka akautupa ufunguo wake nje. Waandishi kadhaa wa zama hizo wanaeleza kwamba Sibylla aliambiwa atavikwa taji akimwacha Guy, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba achague mume mwenyewe. Heraclius akamvika. Sibylla akalichukua taji la pili, akamwita Guy, akamvika yeye. Katika karne nzima ile, ndiye mmoja aliyeikamata sheria yao na kuigeuza iwe yake.

Kule Nablus makabaila walitaka kumvika taji Humphrey wa Toron, mume wa Isabella. Humphrey akatoroka usiku, akaenda kula kiapo kwa Sibylla. Baldwin wa Ramla akaacha milki yake, akaondoka nchini kuliko kumtii Guy. Raymond akafanya amani na Salahuddin kwa ajili yake peke yake. Reynald akauvamia msafara wa Waislamu wakati wa mapatano. Tarehe 4 Julai 1187 pale Hattin jeshi lote likaisha kwa kiu na moto wa majani. Msalaba uliochukuliwa vitani ulibebwa na askofu wa Akka, akauawa. Ukashikwa na askofu wa Lydda, akatekwa pamoja nao. Reynald aliuawa kwa upanga wa Salahuddin mwenyewe.

Waliobaki kuutetea mji walikuwa Balian wa Ibelin na Heraclius, mtu wa kundi hili na mtu wa kundi lile. Wakapatana na Salahuddin: mwanamume dinari 10, mwanamke 5, na kwa maskini maelfu kadhaa dinari 30,000 kwa jumla. Mji ukafunguliwa tarehe 2 Oktoba 1187, sawa na 27 Rajabu. Heraclius alitoka na hazina ya kanisa, wakati maskini wengine waliokosa fidia walikwenda utumwani. Wasaidizi wa Salahuddin walikasirika, wakamtaka aichukue hazina ile. Salahuddin akasema ameahidi, na ahadi yake haitavunjwa. Kwa hili sina neno la kumtetea patriaki.

Mngedhani baada ya hapo wangejifunza. Mwaka 1190 Sibylla na binti zake wawili walikufa kwa maradhi kambini mbele ya Akka, mji ambao Walatini walikuwa wameuzingira ili kuurudisha. Haki ya taji ikamwangukia Isabella, binti wa miaka 18, aliyekuwa anampenda Humphrey wake. Makabaila walimtaka Conrad wa Montferrat, aliyeiokoa Tiro. Mama yake Isabella mwenyewe, Maria, na Balian ambaye alikuwa mume wa mama, wakamkalia wakimsihi na kumtisha. Hoja ikawa kwamba aliozwa akiwa na miaka 11 bila ridhaa yake. Askofu mkuu wa Canterbury, mgeni mgonjwa, alipinga akakaribia kuwafukuza wote katika ushirika wa Kanisa, lakini kifo kilimchukua Novemba hiyohiyo. Tarehe 24 Novemba askofu wa Beauvais akamwoza Isabella kwa Conrad. Conrad aliuawa kwa visu Aprili 1192. Siku nane baadaye Isabella, mjamzito, akaozwa kwa Henry wa Champagne. Huyu akaanguka dirishani mwaka 1197. Akaozwa tena, kwa Aimery wa Lusignan, ndugu wa yuleyule Guy. Isabella alifariki mwaka 1205.

Alimwachia taji Maria, binti aliyemzaa kwa Conrad. Mwaka 1208 baraza likatuma watu wawili Ufaransa kwa mfalme Philip kumtafutia Maria mume: mmoja askofu wa Akka, wa pili Aymar, kabaila wa Kaisaria. Wakapewa John wa Brienne, naye akafika Akka mwaka 1210 na kumwoa. Asanteni kwa kunisikiliza. Nipo tayari kwa maswali yenu.